Mtoto, Mifugo na Kicheko Kisichoandikwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Tengeru)



Mtoto wa Tengeru hujua tabia za ng'ombe kabla hajajua herufi. Asubuhi hukata majani na kubeba vipande vya mgomba. Jioni hushika mkia wa ng'ombe ili mama yake akamue bila kuchapwa usoni. Katika miteremko ya Mlima Meru ardhi ni finyu, kahawa na migomba zimekwisha itwaa, na kwa sababu hiyo ng'ombe wa maziwa hukaa bandani na chakula humfuata huko huko. Aghalabu mwenye kumpelekea chakula hicho ni mtoto. Yeye ndiye anayejua ni ng'ombe yupi anayezuia maziwa akisikia sauti ya mgeni, na ni mbuzi yupi anayeweza kufungua komeo kwa midomo.

Mtoto huyo anapofika darasa la nne au la tano, akaweza kusoma kitabu kizima peke yake, hukutana na wanyama wengi vitabuni. Hata hivyo si wale anaowajua. Hukutana na Sungura mjanja na Fisi mlafi. Hukutana na kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, na punda wa dobi ambaye hakuwa na moyo wala masikio, hadithi ambazo Edward Steere alizisikia Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Akikua kidogo atasoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ambamo ndugu wawili wenye husuda hugeuzwa manyani. Baadaye atapewa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ambamo nguruwe huendesha serikali.

Hizo ni kazi za thamani, na hapana mwalimu mwenye akili atakayeziondoa darasani. Lakini katika zote mnyama ni vazi tu, na ndani ya vazi yumo binadamu. Fisi wa hadithi ni mtu mwenye tamaa. Fisi wa porini ni mwindaji hodari ambaye taya zake huvunja mfupa wa paja. Nguruwe wa Kawegere hawezi kuugua, kutoroka bandani wala kulala juu ya watoto wake, kwa kuwa si nguruwe. Msomaji hucheka, naam, lakini humcheka binadamu. Kicheko kile kingine, cha mtoto anayeshindwa na mnyama halisi mwenye akili zake mwenyewe, hakimo.

Wageni walikiona kicheko hicho mapema. Sinema ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa picha Tanganyika, na sehemu yake maarufu ni Momella, chini ya Mlima Meru. Humo John Wayne na wenzake hukamata wanyama wa porini kwa ajili ya bustani za wanyama. Mbuni hutoroka na kukimbizwa uani. Watoto wa tembo humfuata mwanamke mmoja kila aendako kana kwamba ndiye mama yao. Na watu wazima wa mataifa mbalimbali huhangaika na mbuzi ili wapate maziwa ya mtoto wa tembo, kazi ambayo mtoto yeyote wa Ngarenanyuki angaliimaliza kabla chai haijachemka. Dunia nzima ilicheka. Mtoto wa Ngarenanyuki hakuwamo katika kicheko hicho; Waafrika wa sinema ile huonekana zaidi kama wasaidizi.

Ni haki kukumbusha kwamba upande ule ule wa mlima, mwaka 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 ili kupisha mashamba ya mifugo ya walowezi, hata Kirilo Japhet akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Pengine mtu atasema kwamba watu waliopoteza malisho kwa namna hiyo hawana la kuchekea katika habari za ng'ombe. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini haiendi mbali. Wazee wa Meru hutaniana juu ya mifugo kila siku. Kilichokosekana ni karatasi.

Tazama mfano wa Gerald Durrell, Mwingereza aliyeishi utoto wake katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, kati ya mwaka 1935 na 1939. Kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu maisha hayo kimesomwa na watoto wengi. Katika sehemu moja kijana huyo anaficha nge jike, mwenye watoto mgongoni, ndani ya kiberiti. Kaka yake anakichukua kiberiti kile ili awashe sigara. Nge anapanda mkononi, kaka anakurupuka, nge wadogo wanatapakaa mezani, familia inapiga kelele, na mbwa, asiyejua adui ni nani, anamuuma mtumishi. Mwalimu akiichunguza sehemu hiyo ataona kwamba nge hakufanya kichekesho chochote. Amekuwa nge tu. Hubeba watoto wake mgongoni kwa sababu nge wote hufanya hivyo. Ujuzi wa mwandishi ndio uliotengeneza mzaha, na msomaji aliyecheka ameondoka na elimu ya viumbe bila kuambiwa kwamba anafundishwa.

Mambo ya namna hiyo yamejaa Tengeru. Chukua kuku aliyeatamishwa mayai ya bata, jambo la kawaida katika nyumba nyingi kwa kuwa kuku ni mlezi hodari. Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21, na ya bata wa kawaida baada ya siku 28. Mtoto aliyepewa kazi ya kuhesabu huchora mistari ya mkaa ukutani. Siku ya 21 inapita, bibi anatangaza kwamba mayai yameharibika, babu anasema kuku amelogwa, na kuku mwenyewe, ambaye hakusoma kalenda, haondoki. Wiki moja baadaye vifaranga wanatoka, wana midomo mipana, na siku chache tu baadaye wanatumbukia katika mfereji wa maji unaopita migombani. Kuku anabaki ukingoni akikimbia huku na huku, akipiga mayowe ya mama anayeona ukoo wake wote unazama. Wao wanaogelea. Hapo pana sura nzima ya kitabu, na hakuna neno hata moja la kubuni kuhusu wanyama.

Au chukua habari ya dume. Kilometa chache tu kutoka Tengeru, huko Usa River, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, ambako hufugwa madume bora na mbegu zao kugandishwa katika mirija myembamba, ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hana haja ya kufuga dume, humwita mtaalamu. Sasa fikirini mtoto wa miaka kumi anayesikia baba yake akisema kwamba kesho dume la Usa River litakuja. Anawatangazia wenzake, na kila anayetaka kuliona dume hilo kubwa anatozwa ndizi mbili. Kesho yake wamejipanga ukutani. Anakuja bwana mmoja kwa pikipiki, ana mtungi, glovu ndefu na haraka. Dume liko wapi? Limo mtungini. Watazamaji wanadai ndizi zao, na ndizi zimekwisha liwa.

Bila shaka wapo watakaoona kwamba hadithi hiyo haifai kwa watoto. Watoto wa wafugaji wamekwisha simama mlangoni mwa banda mara nyingi, nao hujua kilichotendeka kuliko baadhi ya wakaguzi wa vitabu. Adabu ya lugha itunzwe; ujinga usilazimishwe.

Kiswahili chenyewe kimewawekea waandishi akiba kubwa. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, redio na mikutano ya hadhara ilijaa maneno ya mabeberu, kupe na wanyonyaji. Kwa karani wa mjini hayo yalikuwa maneno ya siasa. Kwa mtoto wa mfugaji beberu ni mbuzi dume mwenye ndevu, ambaye harufu yake humtangulia mlangoni. Na kupe ni yule mdudu anayependa masikio ya ng'ombe, ambaye kabla siasa haijamwazima jina alikuwa tayari akiua ndama kwa ndigana kali. Mtoto wa zama hizo aliyesikia kwamba wanyonyaji wote hawana budi kuondolewa, kisha akaenda zizini akamkuta ndama ameng'ang'ania chuchu, alikuwa na swali halali la kumuuliza Balozi wa nyumba kumi. Ni ajabu kwamba swali hilo halikuingia katika vitabu vya watoto. Kadhalika wapo mtamba, maksai, josho na kihori, maneno safi ambayo mtoto wa mjini huyapoteza kwa kukosa hadithi ya kuyabeba.

Upungufu huo una sababu zake. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umefanya kazi kubwa ya kutoa na kusambaza vitabu vya Kiswahili mashuleni. Lakini kitabu kirefu cha kuchekesha, cha mtoto wa miaka tisa hadi kumi na mitatu, ni adimu. Anayemaliza vitabu vifupi vya picha hudokezwa vitabu vya watu wazima, au huacha kusoma. Barbara Kimenye, aliyeandika akiwa Afrika Mashariki, aliwapa watoto wa rika hilo vituko vya kijana Moses na wenzake wa bweni tangu miaka ya 1960, nao walivisoma mpaka kurasa zikachakaa. Aliandika kwa Kiingereza.

Sababu nyingine imo darasani. Mtoto aliyechelewa kwa kukata majani huitwa mchunga ng'ombe mbele ya wenzake, na neno hilo hutamkwa kama tusi. Akiambiwa aandike insha huandika habari za safari ya ndege, ingawa hajapanda ndege, na huficha kwamba jana usiku alishika taa wakati ndama akivutwa kwa kamba kutoka tumboni mwa mama yake. Mwalimu humpa alama kwa ndege. Mzazi naye anahofu kwamba kitabu cha zizi kitamrudisha mtoto zizini. Hofu hiyo inaeleweka, maana shule ilitafutwa kwa jasho. Lakini mtoto anayeamini kwamba anachokijua hakistahili kuandikwa huishia kuandika asichokijua, na mwandiko wake huwa mkavu tangu hapo.

Tengeru ina bahati ambayo sehemu nyingi hazina. Patandi pana chuo cha ualimu. Hapo hapo Tengeru pana chuo cha mifugo. Mmoja hujua mtoto anavyosoma, mwingine hujua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Mwandishi asiyewauliza wote wawili ataandika ng'ombe anayeuma kama mbwa, na darasa zima la tano litamcheka yeye badala ya kucheka hadithi.

Limebaki jambo moja gumu. Katika vitabu vingi vya Ulaya mnyama aliyepewa jina hubaki nyumbani hadi uzee wake. Hapa siku za gulio zipo, na mbuzi aliyefungua komeo sura ya kwanza huenda akafungwa kamba sura ya mwisho. Mwandishi atashawishika kuiruka siku hiyo, au kumwokoa mbuzi kwa muujiza. Asifanye hivyo. Mtoto wa Tengeru amekwisha msindikiza mbuzi wake sokoni, akasikia wanunuzi wakimpapasa mgongo na kubishana bei. Njiani mbuzi huyo alikula ukingo wa kofia ya mchuuzi, watu wakacheka, naye pia akacheka huku akijua anakokwenda. Alirudi jioni na madaftari mapya na sare isiyo na kiraka, na kamba tupu mkononi. Usiku ule hakuna aliyekumbuka kufunga komeo, na asubuhi mlango ulikuwa bado umefungwa.