Kibirizi twabeba madumu, bei wabeba wengine!

(Mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa kwa vijana wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma)

Ndugu zangu, sitawapotezea muda. Najua boti ya Mwamgongo au Kagunga ikitia nanga hapa, hakuna atakayenisikiliza. Nina swali moja tu. Hilo dumu la mawese unalolitoa botini kwa bega lako, bei yake anaipanga nani?

Utasema mnunuzi. Mnunuzi atasema msimu. Wote mna ukweli, ila nusu. Chikichi zikiiva kwa wingi kila nyumba inakamua, madumu yanajaa, bei inaporomoka. Zikiadimika inapanda. Hilo hata mtoto wa Kibirizi analijua. Nusu ya pili iko Malaysia na Indonesia, kwani mafuta mengi meupe ya dukani nayo ni mawese, ya kwao, yaliyosafishwa. Yale ya dukani yakiwa ghali, mpishi anarudi kwenye mekundu yako. Yakishuka, anakusahau.

Sikilizeni. Machi 2022 tani moja huko Malaysia ilipita ringgit 7,000. Vita vya Ukraine vilikuwa vimebana alizeti, kisha Aprili 28 Indonesia ikapiga marufuku kuuza mawese nje. Mei 23 ikafungua. Kufika Septemba bei ilikuwa imeanguka kwa karibu nusu. Aliyefungia madumu chumbani akingoja yapande zaidi, aliumia. Mimi nilikuwa nayo sita, kwa fedha za kuungaunga!

Lakini tusidanganyane, haikuniponza bei peke yake. Nilipofungua madumu mawili yalikuwa yamechacha. Niliyanunua bila kuonja. Chikichi zikilala siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, asidi inapanda. Na mafuta yakibaki na maji, hayakai. Viwandani mawese ghafi yenye asidi zaidi ya asilimia tano yanakataliwa au yanakatwa bei. Sisi twasema "mafuta ni mafuta", tunachanganya ya leo na ya juzi, halafu tunamlaumu mnunuzi.

Sasa mbele kuna nini? Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alizindua kampeni ya michikichi papa hapa Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu ya Tenera. Mchikichi wetu wa jadi, Dura, una kokwa nene na nyama haba. Tenera ni mtoto wa Dura na Pisifera: kokwa jembamba, nyama tele, na huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo madumu yataongezeka hapa mwaloni. (Ile hadithi ya vijiweni kwamba Wamalaysia walianza kwa kuchukua mbegu Kigoma, iacheni. Michikichi minne mashuhuri ilipandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848, na asili ya mti huo ni Afrika Magharibi.)

Huko nje nako, Indonesia tangu 2025 inachanganya dizeli yake na asilimia 40 ya mafuta yatokanayo na mawese. Yanayochomwa kwenye malori hayafiki kwenye kikaango. Mimi naona bei ya dunia haitateremka kirahisi mpaka ile ya 2020. Lakini bei ya dunia ikiwa nzuri huku msimu umejaza madumu, anayefaidi ni mwenye pipa, ghala na subira. Mbebaji anapata ujira uleule.

Watazameni Wapemba. Karafuu ni karafuu, lakini hata makonyo, vile vijiti ambavyo wewe ungevifagia, yanakwenda kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yanachemshwa yanatoa mafuta. Sisi makonyo yetu ni mise. Kokwa tunalirusha jikoni kama kuni, wakati mafuta ya mise ndiyo yanayoipa sabuni povu, na mwaka 2025 soko la dunia liliyalipa zaidi ya mawese yenyewe!

Nimezungumza na wenzenu watano hapa. Wako tayari kuchanga wanunue mashine moja ya kubangua mise na mapipa mawili yenye mfuniko. Wanataka watu kumi. Fedha ashike nani, hapo ndipo walipokwama, na ndipo napenda tuanzie maswali, kabla boti haijaingia.