Unamdanganya Nani?

Ndugu zangu vijana, pamoja na wazazi wetu.

Baada ya Alasiri, huku Umoja, Kayole hata Buruburu, utawakuta vijana kwenye gemu wakisubiri futari. Basi leo tuzungumze juu ya chiti, zile mbinu za kulifanya gemu gumu liwe jepesi.

Chukua Doom, gemu la kufyatua risasi lililotoka Marekani mwaka 1993. Ukiandika IDDQD, risasi hazikudhuru. Ukiandika IDKFA, unapewa silaha zote na funguo. Herufi hizo waliziweka watengenezaji wenyewe, walijaribie gemu lao. Kwao ilikuwa kazi.

Kisha kuna programu za pembeni. Gemu huweka uhai wako kama namba ndani ya kompyuta. Programu inaitafuta 100. Ukipigwa ikawa 90, inatafuta tena palipobadilika, mpaka pabaki pahali pamoja tu. Hapo inaifunga namba isishuke.

Sasa jiulize: unamdanganya nani? Ukicheza peke yako hujamdhulumu mtu, umejinyima tu kujifunza. Lakini mkicheza wawili, na anayeshindwa ndiye anayelipia, chiti yako ni wizi wa shilingi ya mwenzako. Na mkiweka dau, hiyo ni kamari, hata bila chiti.

Tena njia ya mkato haiaminiki. Mwaka 1994 likatoka Heretic, gemu lililojengwa juu ya Doom. Andika IDDQD humo: unakufa papo hapo! Andika IDKFA: unanyang'anywa silaha. Watengenezaji walijua fika kwamba watu watazijaribu.

Mzazi, usikimbilie kuzima kompyuta. Muulize kijana wako ile namba inafungwa vipi. Akiweza kukueleza, huyo ana kipaji cha kuandika programu. Maandishi ya ndani ya Doom yalitolewa wazi mwaka 1997, kila anayetaka ayasome. Mwelekeze huko.

Ndugu yangu, saumu haina chiti. Ukijifungia ndani ukanywa maji, hakuna anayekuona ila Mola wako, na bado hunywi. Basi nguvu hiyo hiyo ipeleke kwenye gemu mnalolipia, na kesho kwenye chumba cha mtihani, msimamizi akigeuza mgongo.

Wabillahi tawfiq.