Nani Anamlipa Anayefundisha Wodini?



Shule ya uuguzi ya Nightingale ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas, London, kwa fedha ambazo umma wa Uingereza ulianza kuchanga wakati wa vita vya Crimea, zaidi ya pauni 40,000. Kutoka kwenye mfuko huo masista wa wodi walipewa malipo juu ya mshahara wao, maana ndio waliowafundisha wanagenzi. Anayedai kwamba posho ya muuguzi mwelekezi, yaani anayemfundisha muuguzi mgeni wodini, ni tamaa ya siku hizi amechelewa zaidi ya karne moja na nusu.

Sehemu ya pili ya habari hii husimuliwa kwa nadra. Miaka kumi na ushee baadaye Nightingale, mwanzilishi wa shule hiyo, aliichunguza akakuta mafunzo yamelegea. Malipo yalitoka, lakini wanagenzi waligeuzwa vibarua wa wodi, na daktari aliyelipwa awafundishe hakuwa akifundisha. Wapinzani wa posho wangeifurahia sana habari hii. Mimi naisoma vingine: walilipia cheo cha kufundisha, hawakulipia kazi yenyewe.

Na kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza hatua tano kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Bingwa, alionyesha, huhisi mgonjwa anabadilika kabla vipimo havijasema. Ujuzi wa namna hiyo haukai kwenye daftari. Ili mgeni aupate, mwelekezi lazima afikiri kwa sauti: kwa nini nimerudi kitanda kile, kwa nini dripu hii nimeipunguza, kwa nini daktari aitwe sasa, tusisubiri raundi. Kufikiri kwa sauti kunakula muda. Dozi ya dakika mbili inakuwa ya kumi, na wagonjwa wake mwenyewe wanamsubiri, kwani orodha ya zamu imemhesabu mgeni kama mtu kamili. Kwa wiki za mwanzo si msaidizi. Ni mzigo wa ziada, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana anaogopa kuuliza.

Marekani, mikataba mingi ya vyama vya wauguzi ina nyongeza kwa kila saa ya kufundisha, mara nyingi kama dola moja au mbili. Ni kiasi cha aibu. Hata hivyo napenda kipimo chake, yaani saa: saa hiyo huandikwa, ikajulikana nani alimfundisha nani.

Kwetu Tanzania, mhitimu wa shahada ya uuguzi hupita mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, na hupewa posho. Anayemshika mkono wodini mara nyingi huambulia asante. Tunaambiwa uuguzi ni wito. Sawa, lakini wito huo sijausikia ukitajwa kamati zinapogawa posho za vikao.

Ninachopendekeza ni hiki. Jina la mwelekezi liandikwe kwenye orodha ya zamu, apunguziwe wagonjwa, alipwe kwa saa alizofundisha, na muuguzi kiongozi wa wodi azithibitishe kwa sahihi. Pia mwelekezi awe na mamlaka ya kuandika kwamba mgeni huyu bado hajawa tayari kuachiwa wodi usiku, na maandishi hayo yazuie zamu hiyo.