Mkutano Uliishaje? Habari za Halmashauri na Shughuli za Jamii katika Mji Mdogo

Mbele ya ofisi nyingi za watendaji wa kata kuna ubao wa matangazo wenye karatasi zilizosomwa na jua kuliko na watu. Ukisogea karibu utakuta wito wa mkutano wa hadhara, tangazo la mikopo ya vikundi, tarehe za chanjo, na pengine karatasi za uchaguzi uliokwisha zamani. Karibu zote zinaita. Ni chache mno zinazoeleza kilichotokea baada ya watu kuitikia. Mada hii ya semina inahusu pengo hilo, na inawalenga wale wanaoweza kuliziba: watangazaji wa redio jamii, maofisa habari wa halmashauri, watendaji, na wale wanaosimamia makundi ya WhatsApp ya mtaa.

Kwa upande wa kuita, watu wa pwani hawakuanza jana. La mgambo likilia lina jambo, na leo mgambo umegeuka bajaji yenye spika mbili, kipaza sauti cha msikiti kinachotangaza msiba, na redio ya wilaya. Habari za kuchapwa nazo zina umri wao. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali mjini Tanga wakati wa Wajerumani, lilitenga nafasi ya habari za miji, zikiandikwa na watu waliokuwa hukohuko. Yaani zaidi ya karne moja iliyopita, mkazi wa mji mdogo alikwishazoea kuona jina la mji wake kwenye karatasi.

Pangani ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mji una mto katikati, Bweni ng'ambo ya pili, kivuko baina yao, na redio yake yenyewe, Pangani FM. Ujenzi wa daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, umeandikwa na magazeti ya Dar es Salaam mara nyingi. Hiyo ni habari ya taifa na inastahili. Lakini mama mwenye kapu la samaki Bweni, saa kumi na mbili asubuhi, ana swali jingine: kivuko kimeanza? Kama kimesimama, kitarudi saa ngapi, na nani amesema? Swali hilo halina mhariri Dar es Salaam. Likikosa mhariri Pangani pia, litajibiwa kwa uvumi.

Sheria ya Tanzania, kwa kweli, haikunyima kitu. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni ajenda yake ya kawaida. Kamati ya Maendeleo ya Kata hukaa chini ya uenyekiti wa diwani, mtendaji wa kata akiwa katibu. Baraza la Madiwani nalo hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Kisha ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Kenya ilikwenda kwa njia ya Katiba: kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinayataka mabunge ya kaunti yaendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi.

Milango ipo, basi. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kitenzi.

Msomaji achukue taarifa yoyote fupi ya shughuli ya wilaya, atazame jinsi inavyoanza. Kiongozi amewataka wananchi. Kiongozi amewaasa vijana. Kiongozi ametoa wito kwa wazazi. Katika sentensi hizo kiongozi ndiye mtenda, wananchi ni watendwa, na hakuna kilichotokea ila sauti iliyotoka kwenye kipaza sauti. Mwandishi amehudhuria saa tatu, ameondoka na kitenzi kimoja. Aliyeuliza swali kuhusu ushuru wa gulio hakutajwa. Jibu alilopewa halikutajwa. Hata kama swali lilizua mabishano mpaka mwenyekiti akagonga meza, habari itasema mkutano ulifana.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mkutano wa kijiji. Taarifa ya kwanza inasema mwenyekiti amewataka wananchi kujitokeza kwa wingi kuchangia ujenzi wa zahanati. Taarifa ya pili inasema wajumbe walikubali kila kaya ichangie matofali kumi kabla ya mwisho wa Agosti, akinamama wanaoishi peke yao walisamehewa baada ya mzee mmoja kupinga, fundi hajapatikana, mkutano utalirudia suala hilo robo ijayo. Ya pili haikuhitaji mwandishi hodari wala mashine ya gharama. Ilihitaji mtu aliyebaki mpaka mwisho, akiwa na kalamu.

Faida ya taarifa ya namna hiyo imewahi kupimwa. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya matumizi ya shule za msingi nchini Uganda, wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fedha iliyotolewa na serikali kuu. Iliyobaki iliishia njiani, kwenye ngazi za wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wengine wameonya kwamba mageuzi mengine ya fedha yalifanyika wakati huohuo, kwa hiyo gazeti lisivishwe kilemba chote. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo mzazi aliyeujua mgao wa wilaya alikuwa na swali la kumuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akawa na swali la kumuuliza ofisa wa wilaya.

Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Tangazo la kuomba huwa linasikika vizuri. Orodha ya vikundi vilivyopata, kiasi cha kila kimoja na mradi wake ndiyo inayotafutwa kwa tochi, na pale inapokosekana, mtaa huandika orodha yake kwa mdomo.

Liko pia suala la tarehe, ambalo ofisi huliona dogo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa mji wa pwani una mianzo mingi zaidi. Ukiitisha mkutano asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, wakulima wa mwani na wachokoaji wa pweza wako miambani; utakaa na wastaafu. Ukiupanga siku ya gulio, utashindana na nyanya. Huko Lamu, Mfungo Sita ukiingia, Maulidi hujaza mji wageni, mbio za punda na mashindano ya mashua, na hakuna mwenye akili zake atakayeita kikao cha bajeti siku hiyo. Makunduchi, Unguja, nako, mwezi wa Julai, kuna sherehe za Mwaka Kogwa. Redio au kundi la mtaa linaloweka kalenda moja, yenye vikao vya serikali, magulio, maulidi, harusi kubwa na bamvua zote pamoja, litakuwa limeisaidia halmashauri kupata akidi kuliko spika za bajaji.

Na ziko jamii ambazo tayari zinatangaza matokeo, bila kufundishwa na semina yoyote. Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa mahali ambapo jamii hufunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue. Kufungwa kuna tarehe, kufunguliwa kuna tarehe, na siku ya kufungua ni shughuli ya kijiji kizima: watu huteremka na mikuki, kisha pweza hupimwa kwenye mizani hapohapo pwani. Habari huanza na tangazo na kuishia kwenye kilo. Anayesema ufungaji haufai atajibiwa kwa mizani, na anayeusifu kupita kiasi atajibiwa kwa mizani ileile.

Halmashauri haina pweza wa kupima, lakini ina muhtasari. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Septemba, na vikao vya kuijadili hufuata. Inapendekezwa kila kituo na kila kata inayoshiriki semina hii ichague kikao kimoja tu cha robo hiyo, na itoe taarifa mbili zenye urefu sawa. Ya kwanza itoke wiki moja kabla: mahali, saa, ajenda. Ya pili itoke ndani ya siku tatu baada ya kikao: kilichoamuliwa, kiasi cha fedha, aliyepinga na sababu yake, na tarehe ya kurudi kwenye suala. Zote mbili zibandikwe ubavu kwa ubavu kwenye ubao uleule, na karatasi za uchaguzi uliopita zibanduliwe ili kupata nafasi.