BUNDUKI YA UPEPO SI KITU CHA MCHEZO
Mazungumzo na watumishi wa Serikali na wakazi wa mwambao wa Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma




Nimepewa nafasi nizungumze nanyi juu ya bunduki ya upepo, ile inayotumia springi. Wengi huiona kuwa ni chombo cha watoto cha kupigia ndege, kwa kuwa haina baruti, haitoi moshi, na mlio wake ni mdogo. Dharau hiyo ndiyo inayoleta madhara. Kwa hiyo yafaa kwanza tufahamu jinsi inavyofanya kazi.

Ndani ya bunduki hii mna springi nene ya chuma iliyo nyuma ya pistoni. Mtu anapoikoki kwa kuukunja mtutu kuelekea chini, wenzo huirudisha pistoni nyuma na kuibana springi mpaka inaswe. Kifyatulio kikivutwa, springi hujikunjua kwa ghafla, pistoni huruka mbele, na hewa iliyobanwa ndani ya silinda huisukuma risasi itoke. Nguvu yote imetoka katika mkono wa aliyekoki. Takriban theluthi moja tu ya nguvu hiyo ndiyo huifikia risasi. Iliyobaki hupotea katika msuguano, joto na mtikisiko.

Bunduki ya kawaida huhitaji mkazo wa kilo 10 hadi 15 ili ikokike, na zile kubwa hupita kilo 20. Risasi yake huwa na upana wa milimita 4.5 au 5.5. Risasi ya nusu gramu ikienda mwendo wa mita 250 kwa sekunde hubeba nguvu ya takriban jouli 16, yaani kiasi cha kuinua mzigo wa kilo moja kwenda juu mita moja na nusu hivi. Mtu atasema hilo ni jambo dogo. Lakini nguvu hiyo yote huangukia mahali padogo kama punje ya mtama. Mwendo wa mita 75 hadi 100 kwa sekunde watosha risasi kutoboa ngozi ya binadamu, na jicho huharibika kwa mwendo mdogo kuliko huo. Uingereza imeweka mpaka wa jouli 16 hivi kwa bunduki za namna hii zisizohitaji kibali cha silaha za moto. Ujerumani mpaka wake ni jouli 7.5. Nchi hizo hazikuweka mipaka hiyo kwa ajili ya kitu cha mchezo.

Ndugu wananchi, hatari huanza kabla ya kulenga. Naomba tuzingatie hadhari hizi:

Kwanza, wakati wa kukoki, mtutu ushikwe kwa mkono imara mpaka risasi itiwe na mtutu ufungwe. Ukiponyoka, hujifunga kwa kishindo na waweza kuvunja vidole. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Mtoto asiyeweza kuikoki bila kuisukumia tumboni au mguuni asipewe.

Pili, bunduki isiachwe ikiwa imekokiwa, wala isiegemezwe ukutani ndani ya nyumba yenye watoto. Mtutu usielekezwe kwa mtu, hata ikidhaniwa kuwa ni tupu.

Tatu, mwenye kulenga atazame kilicho nyuma ya shabaha. Risasi yaweza kupita mbali kuliko mita 200, na ikigonga jiwe, maji au shina gumu la mnazi hugeuka njia. Vijijini kwetu, nyuma ya mnazi mna njia ya watu, na nyuma ya mikoko mna mvuvi ndani ya mtumbwi.

Nne, chumvi ya bahari huleta kutu, na wengine hutia mafuta ya nazi au ya injini ndani ya silinda. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto kali na kuyawasha mafuta hayo. Risasi hutoka kwa nguvu isiyotarajiwa, na springi na mihuri huharibika. Mafuta kidogo yapakwe nje ya chuma tu. Aidha, bunduki isifyatuliwe bila risasi, kwa kuwa pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga chuma.

Tano, risasi hizi nyingi ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu. Zisitiwe mdomoni, na mikono inawiwe baada ya kuzishika.

Wapo wakulima wanaoitegemea bunduki hii dhidi ya nyani wanaokula mabibo katika mikorosho. Haifai kwa kazi hiyo. Humjeruhi mnyama asife, naye akateseka. Kuhusu kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuenea mwambaoni, Unguja na Dar es Salaam zilimpunguza kwa mitego na sumu chini ya wataalamu.

Tena, kuwinda ndege na wanyama wa porini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Wakazi wa Msimbati, Nalingu, Mahurunga na vijiji jirani wakumbuke kuwa wamo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mwenye bunduki asijiamulie mwenyewe kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimhusu. Aipeleke taarifa yake kituo cha polisi.

Jambo la mwisho ni jicho. Likipigwa, lisikandamizwe, lisisuguliwe, wala risasi isichokolewe. Lifunikwe kwa kikombe safi kisichogusa mboni, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Kutoka visiwani mpaka Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, ni safari ya chombo kisha ya gari, na kila saa inayopita hupunguza tumaini la kuona tena. Kwa hiyo kinga ndiyo tiba yetu ya karibu. Wazazi, walimu na wenyeviti wa vijiji, jukumu hili ni letu sote.