Majina Yasiyofika kwenye Orodha ya Ada



Tumeombwa kueleza mfuko wa watu wenye ulemavu. Sisi wa kamati ya fedha ni watu wa madaftari, basi tuanzie hapo.

Matawi yanapoleta orodha za ada, kuna majina hayaletwi. Ukiuliza unajibiwa kwa upole, "Huyo msimwandike, hawezi kazi." Desemba, tunapogawa mchele na sabuni, majina hayohayo huletwa mbio. Ni huruma, tunaelewa. Lakini asiyeandikwa haitwi kikaoni, na bomba la maji likipangwa hakuna anayemuuliza liwekwe wapi.

Na hao "wasioweza kazi", mmoja huchambua karoti zote za nyumbani kabla gari la Soni halijafika. Mwingine haoni, naye ndiye anayelea watoto wa dada zake wakienda shamba. Angekuwa kibarua angelipwa. Wapo pia wasioweza kweli, hata kugeuka kitandani ni kwa msaada. Hao nao ni wenzetu. Uanachama wetu haupimwi kwa jembe. Ungepimwa hivyo, sisi tulioko Dar es Salaam tungefutwa wa kwanza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu asilimia 3. Huko milimani waajiri hao ni wa kuhesabu. Kilicho karibu zaidi ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni yao. Lakini mkopo una fomu na maandishi yake, na habari zake hutangazwa kwenye mikutano ambayo wao hawaitwi.

Kwa hiyo harambee ya leo italipa nauli za bodaboda kwenda vikaoni, mtu wa kuwasaidia makaratasi, na njia ya zege ya kuingilia ofisi ya kijiji. Baiskeli za magurudumu matatu tunashukuru, ila miteremko yetu mnaijua. Asiye na kipato, mfuko utamlipia ada kwa jina lake.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Nyuma yake kuna nafasi ya kuandika jina la mtu wa kwenu ambaye hajawahi kuandikwa. Tunaomba mjaze pande zote mbili.