Usionyeshe Fulana Tu, Onyesha na Skrini

(Haya nilizungumza na vijana wa chama hapa Kahama. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)



Najua mkisikia mwanafunzi wa sheria anakuja, mnajiandaa kusomewa vifungu. Vifungu vipo, vinakuja. Ila leo naanza na fulana.

Humu ndani kuna wanaochapa fulana, wanaochora nembo, wanaoshona ovaroli, wanaopiga picha na video. Nimepita kwenye kurasa zenu. Nyingi zinafanana: picha ya kazi iliyokwisha, bei, namba ya simu, "karibuni wateja". Basi. Kwa mteja wa fulana moja ya sikukuu, hiyo inatosha. Lakini mkandarasi anayetaka ovaroli 200 ana maswali mengine. Rangi itachuja? Una cherehani zako au unaenda kuazima? Nikikupa malipo ya awali, utapokea simu yangu wiki ijayo? Picha nzuri haimjibu, maana picha nzuri hata tapeli anayo.

Kinachomjibu ni nyuma ya pazia. Weka status ya sekunde 30 ukionyesha unavyokaza skrini na kuchanganya rangi. Chapa fulana moja ya majaribio, ifue mara tatu, ionyeshe. Mchora nembo, onyesha michoro miwili uliyoikataa na useme kwa nini. Dada wa ovaroli, tuonyeshe unavyorudia mshono kwenye magoti na utuambie kwamba pale ndipo nguo ya kazi inapowahi kuchanika. Mwenye biashara akiona hivyo anajua ameongea na fundi.

Sisi wa ukanda huu jambo hili hatufundishwi na mtu. Dhahabu hainunuliwi kwa maneno. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na Kahama tunalo letu. Pale mzigo unapimwa na kukaguliwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja anaona mzani. Sasa kwa nini kwenye ubunifu tunataka mtu anunue bila kuona mzani?

Na si jambo geni kwenye sanaa ya nchi hii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hadibodi na rangi ya kawaida ya madukani. Alifariki 1972. Waliofundishwa naye wakaendelea pale Oysterbay, mteja anafika anamkuta mchoraji na brashi mkononi. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Watu wamekuwa wakinunua picha pamoja na kuiona inavyozaliwa. Lakini mtindo wao ulinakiliwa kila kona, na hapo ndipo mtaniuliza: dada, nikionyesha kila kitu si nitaibiwa?

Sasa vifungu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yako tangu unapoitengeneza. Kusajili COSOTA kunakusaidia kwenye ushahidi, lakini haki haianzi siku ya usajili. Ila sheria hailindi wazo wala mtindo. Kwa hiyo onyesha mikono yako, usionyeshe faili zima. Tunza michoro ya mwanzo na tarehe zake, maana siku ya ugomvi ndiyo itakayokusemea. Nembo ya biashara yako mwenyewe ipeleke BRELA ikasajiliwe. Na usirushe kazi ya mteja kabla hajaitoa yeye. Andikeni kwenye mkataba, hata wa ukurasa mmoja: nani anamiliki mchoro, na nani anaruhusiwa kuonyesha nini. Ukirekodi watu, omba ridhaa yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiingia eneo la mgodi, usitoe simu bila ruhusa.

Kwa nini naliongea hili kwenye kikao cha chama? Kwa sababu mwaka 2018 zilitoka kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini. Zinataka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Bulyanhulu iko hapo, Geita hapo. Lakini kipaumbele hakimtafuti mtu aliyejificha. Afisa manunuzi akisema "hatukupata mzawa mwenye uwezo", tunataka tuwe na cha kumwekea mezani: kazi, hatua zake, tarehe zake. Hapo akituruka, tunapiga kelele tukiwa na ushahidi. Kelele bila ushahidi wameshazizoea.

Na kuna la pili. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, ya 2015, inamtaka waziri aweke hadharani mikataba ya madini. Inyosheni mikono: nani hapa amewahi kusoma mkataba wa mgodi hata mmoja? ... Nimeona. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu hatujui imeuzwaje. Tunaambiwa matokeo tu: gawio hili hapa, zahanati hii hapa, pigeni makofi. Hiyo ni picha ya fulana iliyokwisha. Sisi tunataka kuiona skrini.

Hatuwezi kudai serikali ifungue jiko lake huku letu tumelifunga kwa kufuli. Kwa hiyo wiki hii, kila mwenye kazi ya mikono arekodi hatua moja tu ya kazi yake, aiweke, na aandike chini yake jina la biashara na mahali ilipo. Mwenye simu nzuri amsaidie asiyenayo. Wanaotaka mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja wabaki hapa, nimekuja na nakala.